Kabla ya kuchagua programu ya kuhariri video, itazame kwanza kompyuta yako

MSIMU wa harusi na kipaimara unapomalizika katika mitaa ya Jiji la Arusha na vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, nyumba nyingi hubaki na simu na kadi za kumbukumbu zilizojaa picha za video ambazo hazijahaririwa.

Zamani kazi hiyo iliachwa kwa mpiga picha wa mtaani, naye aliirudisha baada ya wiki kadhaa ikiwa katika mkanda wa VHS, na miaka ya baadaye katika DVD. Sasa mwenye kompyuta nyumbani anaweza kuifanya mwenyewe. Linalomkwamisha ni kujua atumie programu gani.

Jibu analopewa mara nyingi ni Adobe Premiere Pro, kwa kuwa wenye studio huitumia. Jibu hilo linaanzia mahali pasipofaa. Programu hata ingekuwa bora kiasi gani, haimsaidii mtu ambaye kompyuta yake haiwezi kuibeba, na kompyuta nyingi za nyumbani zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika.

Video ni mzigo mzito kuliko barua au hesabu. Kila sekunde moja ina picha 25 au 30, na kamera huzibana ili zisijaze kadi. Wakati wa kuhariri, kompyuta hulazimika kuzifungua zote upya, na kadiri zilivyobanwa kwa ustadi ndivyo inavyotaabika. Ndiyo maana video ya simu mpya iliyorekodiwa kwa mfumo wa H.265 huweza kukwama katika kompyuta ya zamani, ilhali ile ya H.264 ikapita bila tatizo.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kuulizwa ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Watengenezaji wa Shotcut, programu isiyouzwa, wanashauri gigabaiti 4 kwa video za ubora wa kawaida wa zamani, 8 kwa zile za HD na 16 kwa 4K. Ni kipimo kizuri hata kwa anayefikiria programu nyingine.

Jambo la pili ni nafasi katika diski. Mkanda wa MiniDV wa dakika 60, uliotumika sana miaka ya 2000, huchukua takriban gigabaiti 13 ukihamishiwa kwenye kompyuta. Kamera ya 4K inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hutumia gigabaiti 45 kwa saa moja. Harusi iliyopigwa na kamera mbili kwa saa tatu, basi, ni gigabaiti 270 kabla hata ya kukata picha moja. Kwa sherehe itakayotazamwa kwenye televisheni ya sebuleni, HD inatosha.

Wengi bado huulizia Windows Movie Maker, iliyokuja na Windows Me mwaka 2000 na kuwafundisha watu wengi kuhariri. Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2017. Mwaka huohuo kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitahadharisha kuhusu nakala bandia iliyokuwa ikisambazwa mtandaoni, ambayo iliwataka watu walipe ili waweze kuhifadhi kazi waliyokwisha kuifanya. Anayeipata leo kwenye flashi ya rafiki ana kila sababu ya kuitilia shaka.

Nafasi yake katika Windows 11 imechukuliwa na Clipchamp, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2021. Ni rahisi kujifunza, na bila malipo hutoa video hadi za ubora wa HD kamili pasipo kuacha alama ya kampuni juu ya picha. Udhaifu wake ni kwamba huhitaji intaneti na akaunti, jambo ambalo mtu wa Ngaramtoni anayenunua bando la siku atalihisi mapema.

Kwa kompyuta ya wastani isiyo na intaneti ya uhakika, Shotcut na Kdenlive zinastahili kujaribiwa kwanza. Zote mbili ni za bure, hupakuliwa mara moja na baada ya hapo hufanya kazi bila mtandao. Zote zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za video, mhariri akazikata hizo, kisha programu ikarudi kwenye picha halisi wakati wa kutoa filamu. Aidha, hufanya kazi katika Linux, jambo lenye uzito kwa wenye kompyuta zisizokubali Windows 11, kwa kuwa huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025.

DaVinci Resolve ya Blackmagic Design ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa, hasa katika kusahihisha rangi. Hata hivyo, huhitaji gigabaiti 16 za RAM na kadi nzuri ya michoro. Chini ya hapo ni kujitafutia maumivu ya kichwa. CapCut hupendwa na vijana kwa video fupi, ila baadhi ya madoido yake hulipiwa, na mtu asiye mwangalifu huligundua hilo akiwa ameshamaliza kazi. Wenye kompyuta za Apple wana iMovie bila gharama.

Premiere Pro yenyewe huuzwa kwa malipo ya kila mwezi au mwaka tangu Adobe ilipobadili utaratibu wake mwaka 2013. Hapo ndipo wengine hukimbilia nakala zilizofunguliwa kinyemela, yaani kraki. Mbali na kuvunja haki za mtunzi, ambazo Tanzania ina sheria yake ya mwaka 1999, maelekezo ya kraki mara nyingi humtaka mtu azime kinga ya virusi. Kirusi kinachofunga mafaili hakichagui kati ya muziki na picha za msiba wa baba.

Picha nyingine hazirudiwi. Chini ya Meru bado wapo wazee waliokuwa watoto Wameru walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, shauri ambalo Kirilo Japhet alilifikisha Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mjukuu anayemrekodi mzee wa namna hiyo anapaswa kujua kwamba faili la kazi linalohifadhiwa na programu ya kuhariri halina picha ndani yake. Ni orodha tu ya maelekezo: chukua kipande hiki, kata hapa, unga pale. Akifuta kadi kwa kudhani kazi imehifadhiwa, siku ya pili atakuta nafasi tupu. Picha za asili zinakiliwe katika diski mbili tofauti kabla ya kitu kingine chochote.

Umeme nao una sauti yake katika uchaguzi huu. Programu inayojihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache ni ya lazima, na anayetumia kompyuta ya mezani anahitaji betri ya UPS.

Njia ya kumaliza ubishi ni jaribio dogo. Zichukuliwe dakika tano za video ileile itakayohaririwa, zikatwe, ziwekewe muziki na maandishi, kisha zitolewe kama faili la MP4 na kutazamwa kwenye televisheni hadi mwisho. Midomo na sauti vikiachana, kosa mara nyingi ni la simu, ambayo hubadilibadili idadi ya picha kwa sekunde. Shotcut huweza kuligeuza faili hilo liwe la kasi moja kabla ya kazi kuanza.