Kabla Nyumba Haijabomolewa: Kuhifadhi Kumbukumbu za Kariakoo

Wakazi wengi wa Kariakoo hupita kila siku katika mitaa ya Mahiwa, Narung'ombe na Tandamuti bila kujiuliza majina hayo yametoka wapi. Yote matatu ni majina ya mahali kusini mwa nchi yetu ambako majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipambana mwaka 1917. Jina la Kariakoo lenyewe lina asili katika vita hivyo hivyo. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo hili lilitumika kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna iliyowaelea. Baada ya vita, palipokuwa kambi pakawa mji wa Waafrika.

Urithi wa namna hii hauonekani kwa macho kama ngome au msikiti wa kale, na ndiyo sababu unapotea bila kelele. Wananchi wengi hudhani kwamba jengo la zamani linalindwa na sheria kwa sababu tu ni la zamani. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid katika miaka hiyo hiyo ya 1860, hivyo hata Boma la Kale lililopo Barabara ya Sokoine, lililojengwa kati ya 1866 na 1867, limechelewa kidogo. Jengo la baadaye hulindwa endapo Waziri mwenye dhamana atalitangaza rasmi. Baadhi ya majengo ya katikati ya jiji yalitangazwa kwa njia hiyo. Nyumba ya kawaida ya Kariakoo haina kinga hiyo.

Nyumba hiyo wazee wanaijua vema. Ni ile yenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma yake ua wenye jiko, choo na pengine kisima. Kuta zilikuwa za miti ya mikoko na udongo, zikapakwa chokaa; paa lilikuwa la makuti, au la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kabla ya mabati kuenea. Wamiliki wengi walikuwa wanawake, waliojipatia riziki kwa kupangisha vyumba. Katika nyumba na nyua za namna hii vikundi vya ngoma vilikutana, na ni kupitia vikundi hivyo Bibi Titi Mohamed alianza mwaka 1955 kuwaingiza wanawake katika TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Soko Kuu letu, kazi ya msanifu Beda Amuli, lina michoro na picha nyingi. Nyumba ya vyumba sita kwa kawaida haina hata mchoro mmoja.

Makala haya hayamlaumu mwenye nyumba anayejenga ghorofa. Kiwanja cha Kariakoo kina thamani kubwa, warithi ni wengi, na ukuta wa udongo hauwezi kusubiri milele. Tunachoomba ni kwamba kumbukumbu itangulie kubomoa. Mafaili ya vibali vya ujenzi huhifadhi michoro ya jengo linalokuja. Jengo linaloondoka halina wa kulitunzia habari zake isipokuwa wenyewe.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kufika katika nyumba moja siku tatu baada ya kubomolewa. Mzee aliyezaliwa humo alikuwa amehamia Mbagala. Alipoulizwa kama ana picha ya nyumba, alitoa picha ya harusi ya dada yake: nyuma ya bibi harusi ulionekana nusu ya mlango. Hiyo nusu ndiyo iliyobaki.

Simu ya mkononi inatosha kwa kazi hii. Piga picha ya nyumba kwa mbele, kisha mlango, ukumbi, ua, na mahali ambapo plasta imebanduka, kwa kuwa hapo ndipo miti na udongo wa ukuta huonekana. Andika tarehe, mtaa na namba ya kiwanja. Picha za zamani ziandikwe nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, na majina ya waliomo yaulizwe wakati wanaowatambua wangali hai.

Mazungumzo na wazee yanahitaji uvumilivu zaidi. Omba ridhaa kabla ya kurekodi. Ukimwambia bibi "tueleze historia ya Kariakoo", atakujibu kwa heshima na kwa ufupi. Muulize badala yake nani alichimba kisima, chumba cha kwanza kushoto alipanga nani, kodi ililipwa siku gani, ngoma ilichezwa wapi. Yakiingia mambo ya ugomvi wa mirathi, zima kinasa sauti.

Karatasi nazo zisitupwe pamoja na kifusi: stakabadhi za kodi ya kiwanja, barua, mikataba ya upangishaji, kadi za vyama. Zina manufaa kwa mtafiti, na zimewahi kuwaokoa warithi wasio na ushahidi mwingine. Zisigandishwe ndani ya plastiki kwa joto, kwa sababu haziwezi kutolewa tena bila kuharibika. Ziwekwe katika bahasha, mahali pakavu, mbali na mchwa. Anayetaka kulinganisha kumbukumbu za familia na nyaraka za serikali anaweza kuanzia Nyaraka za Taifa, Upanga, au katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aende na jina la mtaa la sasa na la zamani, kwani nyaraka nyingi za kabla ya Uhuru zinatumia majina ambayo hayamo tena kwenye vibao.