Taa Kali Katika Ukungu wa Usiku

Dereva aingiaye katika ukungu mzito usiku aghalabu huwasha taa zake za mbali, akidhani kuwa mwanga ukizidi naye ataona zaidi. Papo hapo barabara hutoweka, na mbele ya kioo chake husimama ukuta mweupe. Kwa nini basi mwanga uyapofushe macho?

Mahali pafaapo kulichunguza swali hili ni Arcata, mji mdogo wa chuo kikuu katika pwani ya kaskazini ya California, Marekani, ambako barabara kuu namba 101 hupita kandokando ya ghuba ya Humboldt. Wakati wa kiangazi, upepo utokao kaskazini, ukisaidiana na mzunguko wa dunia, husukuma maji ya juu ya bahari mbali na ufuko, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Bahari huwa na nyuzi 10 hadi 13 tu za sentigredi. Hewa yenye unyevu ipitayo juu ya maji hayo hupoa, mvuke wake hugeuka matone, na usiku ukungu huo huingia nchi kavu. (Bahari yetu, pale Tanga au Mombasa, huwa na nyuzi 25 au zaidi, na ndiyo sababu ukungu wa namna hii ni mgeni kwetu pwani. Ule wa Limuru au Usambara kwa sehemu kubwa ni mawingu yaliyokutana na mlima.)

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la majini la Marekani lilijenga uwanja wa ndege kaskazini ya Arcata, na uwanja huo ukaja kutumiwa kwa majaribio ya kuuondoa ukungu kwa kuchoma mafuta kandokando ya njia ya ndege. Dereva wa gari hana anasa hiyo.

Meta moja ya ujazo ya ukungu mzito kwa kawaida haina hata nusu gramu ya maji. Lakini maji hayo yamegawanyika katika mamilioni ya matone, mengi yakiwa na kipenyo kisichozidi sana sehemu moja ya mia ya milimita. Kila tone huutawanya mwanga, na baadhi yake humrudia dereva machoni. Taa za mbali huangaza ukungu ule ule ulio mbele ya macho yake. Taa za chini huinamia lami. Wako wanaoamini kwamba taa za manjano hupenya ukungu. Imani hiyo haina nguvu, kwani tone la ukungu ni kubwa mno likilinganishwa na wimbi la mwanga, na matone ya ukubwa huo hutawanya rangi zote karibu sawasawa.

Mwaka 1998 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba ukungu humfanya dereva adhani anakwenda polepole kuliko ilivyo. Mwaka 2012 wengine walipinga katika jarida la eLife: ukungu halisi hufifiza vya mbali kuliko vya karibu, na hali hiyo ikiigwa sawasawa, madereva hupunguza mwendo. Hoja ya pili naiona nzito zaidi, ila kupunguza ni jambo moja, na kupunguza kiasi cha kutosha ni jambo jingine.

Tuchukue dereva aonaye meta 30. Akienda kilomita 80 kwa saa, na akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, amekwisha kwenda meta 33: lori lililoharibika njiani ameligonga kabla breki hazijashika. Kwa kilomita 40 meta hizo ni 17, na breki katika lami iliyolowa zitataka nyingine 12 hivi. Imebaki meta moja, tena kwa matairi mazuri na dereva asiyesinzia. Kwa kilomita 30 gari husimama katika meta zipatazo 20.