KODI YA NYUMBA MJINI SISIBO
Mpwani na chumba chake cha ghorofani

Basi la usiku kutoka Mombasa humshusha msafiri Eldoret wakati wa baridi kali, na Mpwani aliyezoea joto la bahari hujikuta akitafuta koti kabla ya kutafuta mwenyeji. Mji huu uko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mimi nilipokewa na mama mmoja mzaliwa wa Mji wa Kale, ambaye amekaa huku miaka kumi na mmoja akipika mahamri na viazi vya karai, na mumewe huendesha lori katika barabara ya Malaba. Kabla hata kahawa haijamiminwa alinipa simu yake nisome ujumbe. Ulikuwa mfupi. Kuanzia mwezi ujao kodi ya nyumba, iliyokuwa shilingi 9,500, itakuwa shilingi 12,000.

"Nikamwuliza, Mzee, kuna nini kimeongezeka? Maji ni yale yale ya kupanda na ndoo," akaniambia. "Akanijibu, Mama, sasa hizi ni nyumba za jiji."

Na kweli, jiji limekuwa jiji. Tarehe 15 Agosti mwaka 2024 Rais William Ruto aliukabidhi mji wa Eldoret hati yake, ukawa jiji la tano la Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Watu walishangilia, na wana haki ya kushangilia. Lakini hati haimwongezei mwuza mahamri bei ya hamri moja. Mwenye nyumba yeye amepata neno jipya la kutumia, na neno hilo halina jibu.

Wenyeji wa zamani wanapenda kuuita mji huu Sisibo. Chanzo chake ni nambari 64. Wakati walowezi, wengi wao Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, walipogawiwa nyanda hizi za Uasin Gishu, shamba nambari 64 ndilo lililowekwa posta mwaka 1910, na sikio la mwenyeji likaitengeneza ile "sixty-four" ya Kiingereza ikawa Sisibo. Jina la Eldoret likaja mwaka 1912, kutokana na neno la Kimasai la mto wenye mawe. Yasemekana pia kwamba benki ya kwanza hapa ilijengwa kulifuata kasha lake la fedha: kasha liliteremshwa kutoka garini, likawa zito mno hata halikuweza kusogezwa, basi kuta zikajengwa kulizunguka. Kisa hiki huwachekesha wageni. Lakini mimi naona ndivyo mji mzima unavyojengwa hata leo. Fedha hutua kwanza mahali, kisha nyumba huizunguka, na mpangaji hutafuta upenyo wa kuingia.

Fedha zenyewe zimetua kwa njia nyingi. Reli ilifika mwaka 1924. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984 huko Kesses, na shule yake ya udaktari ikawa mjini. Kile cha Chepkoilel kikawa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013. Kuna hospitali kuu ya rufaa inayovuta wagonjwa wa magharibi yote ya nchi, pamoja na jamaa zao wanaotaka pa kulala. Kuna uwanja wa ndege wa kimataifa. Tangu mwaka 2013 kuna serikali ya kaunti na makarani wake. Kuna familia za Sudan Kusini zilizoleta watoto wao shule huku wakati kwao kunawaka moto. Na kuna wanariadha. Mkimbiaji akishinda mbio ndefu ughaibuni hulipwa kwa dola, naye hana pa kuiweka salama kuliko ardhi na matofali. Ukitembea mjini utaonyeshwa jengo la fulani na jengo la fulani, wote wakimbiaji. Ni jambo la fahari, wala sitaki kumlaumu mtu kwa kujenga alichokipata kwa jasho la miguu yake. Ila ghorofa hizo nyingi hujengwa kwa ajili ya mwenye mshahara. Mwenye karai hukaa ndani yake kwa kujibana.

Msomaji atauliza: je, hakuna sheria? Ipo. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, sura ya 296, na lipo baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya mpangaji na mwenye nyumba. Sheria hiyo humzuia mwenye nyumba kupandisha kodi apendavyo au kumtoa mpangaji barazani kama mzigo. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi! Wakati kiwango hicho kilipowekwa, fedha hizo zilikuwa nyingi. Leo ni vigumu kupata chumba kimoja cha kuishi watu mjini kwa bei hiyo, sembuse nyumba yenye choo chake. Kwa hivyo mama yetu wa mahamri, kwa shilingi zake 9,500, yuko nje ya ukuta wa sheria hiyo. Mwaka 2021 palitungwa mswada wa kuunganisha sheria zote za wapangaji ziwe moja. Mambo hayo huenda kwa mwendo wa kobe, na kodi haimngoji kobe.

Upande wa pili nao una maneno yake. Nilizungumza na mzee mmoja mwenye vyumba kumi na viwili huko Langas, mtu mpole, aliyenikaribisha maziwa ya mursik ambayo tumbo langu la kipwani liliyapokea kwa heshima tu. Alinieleza kwamba alijenga kwa mkopo, na benki haijui kama mpangaji amelipa au hakulipa. Tangu Januari 2024 mwenye nyumba anayepata baina ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote anayoipokea, bila kupunguziwa gharama za rangi wala mabomba. "Wanafunzi wakienda likizo vyumba vinabaki vitupu," akasema. "Nikifidia pale ninapoweza, mnaniita mwizi." Sikumwita hivyo, lakini nilimwelewa.

Katika dini yetu kukodisha nyumba ni halali isiyo na shaka. Ndiyo ijara, na wanazuoni wameiwekea masharti yake: manufaa yajulikane, muda ujulikane, na ujira ujulikane. Muda mkishaupatana, bei haichezewi katikati. Muda ukiisha, kila mmoja yuko huru. Na tusijidanganye kwamba dini inamlazimisha mwenye mali bei: imepokewa kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) aziwekee kiwango, naye hakukubali, akihofia kumdhulumu mtu katika mali yake. Hata hivyo jambo la makazi liliwashughulisha wakubwa wetu mno. Kuhusu nyumba za Makka, walihitilafiana kama yafaa kabisa kuwatoza mahujaji kodi. Sayyidna Omar yasemekana aliwakataza watu wa Makka kuweka milango katika nyumba zao msimu wa Hija, ili mgeni ateremke atakapo. Imamu Abu Hanifa aliichukia kodi hiyo wakati wa Hija. Imamu Shafi, ambaye sisi wa pwani tunafuata madhehebu yake, aliijuzisha. Basi hata katika mji mtukufu kuliko yote, swali la mgeni na mlango lilikuwa zito.

Kinachomsumbua zaidi Mpwani huku, hata hivyo, si shilingi peke yake. Ni umbo la nyumba. Sisi tumelelewa katika nyumba ya Kiswahili, ile ya ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, uani kuna jiko na kisima, mbele kuna baraza. Chumba kimoja hupangishwa mwalimu wa chuo, kingine mjane, na mwenye nyumba mwenyewe analala humo humo. Mwezi ukiwa mgumu humkuta uani na kumwambia, bibi, nisubiri mpaka tarehe kumi. Naye anajua kwamba husemi uongo kwa sababu ameona sufuria yako haikupanda motoni. Majengo yote ya Mombasa yamekulia hivyo, na mara nyingi mwenye nyumba naye ni mpangaji, maana amejenga juu ya ardhi ya mtu na kumlipia kodi ya kiwanja. Nyumba bila ardhi, twaiita. Sisemi kwamba kwetu kulikuwa peponi. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na dai lao kubwa lilikuwa posho ya kulipia nyumba. Lakini ile sura ya mwenye nyumba ilikuwepo. Katika ghorofa za Eldoret sura hiyo haionekani: kuna keateka anayepita mlango hadi mlango, na kuna nambari ya simu ya kutumia fedha.

Njia wanazotumia watu kujiokoa ni nyingi. Vijana hukaa watatu katika bedsita moja, wakipeana zamu ya godoro. Wengine huhama kutoka nyumba yenye vyumba kwenda kwenye singo ya ploti, choo cha pamoja nje. Wengine hununua kipande cha ardhi nje ya mji na kusimamisha mabati kwanza, mawe baadaye. Mkopo wa nyumba wenye riba Mwislamu anauogopa, na haki yake kuuogopa. Tangu mwaka 2008 zipo benki za Kiislamu nchini ambazo hununua nyumba kwa ubia na mteja, naye akalinunua fungu la benki kidogo kidogo. Ni njia njema kwa mwenye mshahara na cha kutanguliza. Mpika mahamri hana karatasi ya mshahara.

Mama wangu alikuwa amekwisha kuifikiria njia ya kuhamia nje, upande wa Maili Nne, ambako alipata nyumba ya shilingi 7,000. Angeokoa 5,000 kwa kila mwezi. Lakini tulikaa na kalamu. Yeye na watoto wake wawili wangelazimika kuja mjini kila siku, yeye kwenye meza yake, watoto shule na jioni madrasa. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 100 kwa kila mmoja. Watu watatu, siku 22, ni shilingi 6,600. Angehama apate hasara ya 1,600, na watoto wangefika nyumbani usiku. "Na madrasa nitaikosa," akasema, "maana nauli ikikosekana, safari ya kwanza kukatwa ni ya madrasa. Najijua."

Kulikuwa na hofu nyingine ambayo aliitaja kwa sauti ya chini. Yeye alikuja baada ya mambo ya Januari 2008, lakini amepanga jirani na watu waliolala katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret miezi hiyo, wakiwa wapangaji leo na wakimbizi kesho. Kuhamia mtaa usioujua, kwa mji huu, mtu hufikiri mara mbili. Pale alipo anajuana na watu, na hilo nalo lina bei yake, ingawa halimo katika risiti.

Msaada ulitoka mahali ambapo sikutarajia. Kuna upatu wa wanawake kumi, shilingi 3,000 kila mmoja kwa mwezi, wengi wao wauzaji wa sokoni. Wako Wanubi, Wasomali, na Waluhya wa Mumias. Nawakumbusha wasomaji kwamba misafara ya wazee wetu ikitoka Pangani na Mombasa ilifika hadi kwa Mumia kabla ya reli, na Joseph Thomson alipozivuka nyanda hizi za Uasin Gishu mwaka 1883 mizigo yake ilibebwa na watu waliochukuliwa Unguja. Uislamu wa Mumias ni matunda ya njia hiyo. Basi ni mama wa Mumias ndiye aliyekuwa zamu yake kupokea mwezi ule, naye akasema, chukua wewe, mimi nitachukua yako ya Novemba. Hakutaka nyongeza.

Akachukua zile 30,000, akaongeza 1,500 za mahamri, akaenda kwa mwenye nyumba mwenyewe, si kwa keateka. Ilimchukua siku nne kumpata. Akamwambia: Mzee, hizi ni kodi ya miezi mitatu kwa pamoja, 10,500 kila mwezi, ukitaka. Maalim wa madrasa alikuwa amemhakikishia kwamba kupatana bei pungufu kwa kutanguliza kodi hakuna riba ndani yake, maadamu bei imekatwa mwanzo. Mzee alizihesabu noti mara mbili. Kisha akasema hajapata kulipwa miezi mitatu mbele na mpangaji yeyote tangu ajenge.

Mama akataka yaandikwe. Mzee akacheka, akachana karatasi ya daftari ya mjukuu wake, wakaandika tarehe, bei na muda, wakatia sahihi wote wawili. Karatasi hiyo nimeiona. Imekunjwa mara nne na kuwekwa kabatini, ndani ya bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mwisho wake ni mwezi wa Oktoba, na mwezi unaofuata zamu ya upatu haitakuwa yake.