Askari wa Shaba na Jina Lisiloandikwa

Majuzi nilikuwa Isiolo. Baada ya sala ya laasiri, mzee mmoja wa Kisomali alinikaribisha chai nyumbani kwake. Babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Vita vilipokwisha, askari wengi wa Kisomali, Isaaq na Harti, walikuja kukaa Isiolo.

"Sheikh, wewe watoka Mombasa," akaniambia. "Babu alirudi, nduguye hakurudi. Je, jina lake limo kwenye zile sanamu zenu?"

Ndugu msomaji, sanamu hizo zilifanywa na Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki 1937. Kazi zake alizitia sahihi "Myrander". Fundi wa namna yake haanzi na shaba: hufinyanga udongo, udongo ukatolewa kalibu, ndipo shaba iliyoyeyushwa ikamiminwa. Baada ya vita alipewa kazi ya kuwakumbuka askari wetu katika miji mitatu. Dar es Salaam, mwaka 1927, alisimamisha askari mmoja mwenye bunduki na singe, pale ilipokuwapo sanamu ya Mjerumani Wissmann. Nairobi, mwaka 1928, aliwaweka pamoja askari wa KAR, Mwarabu mwenye bunduki, na mpagazi. Mombasa nayo ikapata zake.

Chuoni tulifunzwa kujihadhari na sanamu, na utotoni nikipita pale nilikuwa nikigeuza uso. Ukubwani nilisimama nikatazama. Stevenson hakumsahau mpagazi, yule aliyebeba mizigo ya vita na kufa kwa maradhi na njaa, aliyetuachia neno Kariakoo.

Chini yake pana maneno ya Rudyard Kipling, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayomwahidi askari kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini majina yenyewe hayapo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine pengine hawakukumbukwa kabisa.

Nilimjibu mzee kweli: halimo.

Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake. Akalitaja jina la yule marehemu na nasaba yake, baba kwa babu, na mtoto akifuatisha. Tukainua mikono, tukamsomea Fatiha.