Injini Inanguruma, Gogo Halipasuki: Pima Kaplingi Kwanza, Halafu Utume Pesa

Mashine ya kupasua kuni imewaka vizuri. Mafuta ya haidroliki yapo, petroli ipo, injini inanguruma kama kawaida. Unasukuma mkono wa valvu na gogo linabaki pale pale, wala ule mtaimbo wa kupasua hausogei hata inchi moja. Kwa wateja wetu wanaopasua mikaratusi ya kuuzia viwanda vya chai na jikoni za shule za bweni, hapo siku imeharibika.

Mara nyingi mtu huwaza mabaya zaidi: pampu imekufa. Kumbe shida inaweza kuwa kifaa kidogo kinachotoshea kwenye kiganja, yaani kaplingi, ile inayounganisha shafti ya injini na shafti ya pampu. Kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Kinachokula pesa ni haraka: kuagiza saizi isiyofaa, au kumtumia pesa mtu usiyemjua kwa sababu kazi imesimama na kichwa kimepata moto.

Sisi hatuuzi spea, lakini pesa ya spea hupitia kwetu kila siku. Kwa hivyo leo tunaangalia mambo yote mawili: namna ya kurekebisha kaplingi, na namna ya kuilipia bila kulia baadaye.

Kaplingi inafanya nini hasa?

Mashine nyingi ndogo za kupasua kuni zina injini ya petroli ya silinda moja, kwa kawaida ya nguvu farasi 6.5. Pampu ya haidroliki imefungwa mbele yake kwa bolti nne juu ya kikombe cha chuma. Ndani ya kikombe hicho, shafti mbili zinatazamana. Kila moja imevaa kipande cha chuma chenye meno matatu, na katikati ya meno hayo kuna raba yenye umbo la nyota.

Raba ndiyo inayokula misukosuko. Injini ya silinda moja ya mipigo minne hulipua petroli mara moja kila ikizunguka mara mbili. Ikikimbia kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, hiyo ni milipuko 30 kila sekunde. Kila mlipuko ni kofi, na raba inalipokea kofi hilo ili meno ya chuma yasigongane. Raba ikiisha, chuma kinapiga chuma, meno yanakatika na pampu inaacha kuzunguka.

Dalili za kuangalia

Ukisikia mlio wa kugongagonga kutoka kati ya injini na pampu, simamisha kazi. Chungulia kwenye tundu la kikombe. Vumbi jeusi au vipande vya raba vilivyomwagika chini vinakuambia nyota imesagika. Unga wa chuma unaong'aa unakuambia meno nayo yameanza kuliwa.

Kuna dalili nyingine inayowachanganya watu: mashine inasukuma gogo laini, lakini ikikutana na gumu inaacha, huku injini haionyeshi kulemewa. Inawezekana meno ni mazima ila kile kipande cha chuma kinateleza juu ya shafti. Mara nyingi ni kwa sababu kii imekatika. Kii ni kile kipande kidogo cha chuma cha mraba kinachokaa kwenye mfereji wa shafti.

Kabla ya kufungua

Zima injini na uache ipoe. Chomoa waya wa plagi ili isije ikawaka mikono yako ikiwa ndani. Sukuma mkono wa valvu mbele na nyuma mara kadhaa ili kutoa presha iliyobaki kwenye paipu. Ukiona paipu inavuja, usipapase kwa kidole, kwa sababu mafuta ya presha kubwa yanaweza kupenya ngozi na kukuumiza vibaya. Tumia kipande cha katoni.

Si lazima umwage mafuta. Kama paipu zina urefu wa kutosha, fungua bolti zinazoshika pampu, ivute nyuma taratibu na uitegemeze juu ya gogo. Sasa kaplingi unaiona yote.

Kila kipande cha kaplingi kina skrubu ndogo isiyo na kichwa, inayofunguliwa kwa spana ya aleni. Ilegeze. Kipande kikigoma kutoka, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha tumia pula. Usigonge shafti kwa nyundo! Kishindo kile kinafika kwenye beringi za injini na ndani ya pampu, na spea ya bei ndogo inageuka kuwa pampu nzima.

Halafu zungusha shafti ya pampu kwa mkono. Inafaa izunguke kwa uzito kiasi bila kukwama. Ikikwama kabisa, kaplingi haikuwa mgonjwa. Ilikatika kwa sababu pampu imejifunga, na kaplingi mpya itakatika vilevile.

Pima, usikisie

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa sababu mashine nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa inchi, ilhali spea nyingi madukani ni za milimita. Kwenye mashine hizi, shafti ya injini mara nyingi ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Ya pampu mara nyingi ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kaplingi ya tundu la milimita 20 itaingia kwenye shafti ya injini kwa urahisi sana, na hiyo ndiyo shida. Itacheza, itakula kii, na baada ya muda mfupi utakuwa unaitafuta nyingine.

Azima venia kwa fundi wa mtaani, kisha andika vitu vitano:

1. Unene wa shafti ya injini.
2. Unene wa shafti ya pampu.
3. Upana wa mfereji wa kii kwenye kila shafti. Kii ya injini ya robo tatu ya inchi huwa milimita 4.76, na ile ya pampu ya nusu inchi huwa milimita 3.18.
4. Upana wa kaplingi nzima kwa nje, na urefu wake.
5. Namba iliyochapwa kwenye chuma, kama bado inasomeka. L090 na L095 ni namba zinazoonekana sana kwenye mashine hizi.

Piga picha vipande vya zamani vikiwa kando ya rula. Kama meno yameliwa, agiza seti nzima: chuma mbili na raba. Raba mpya kati ya meno yaliyochakaa haikai sana. Kama meno bado ni mazima na ni raba tu imesagika, nunua raba mbili, moja ya kufunga na moja ya kuweka akiba.

Na kuchomelea je? Watu hujaribu. Chuma cha kaplingi hizi mara nyingi ni cha kumimina, na hakipendi kuchomelewa. Moto huo pia unaweza kupindisha kipande kidogo tu kikawa kinazunguka kwa kuyumba. Ukikosa saizi yako kabisa, ni afadhali umtafute fundi wa mashine ya kuchonga vyuma. Anaweza kuchukua kaplingi yenye tundu dogo akalipanua hadi kipimo chako na kukukatia mfereji wa kii.

Sasa simu iingie kazini

Tuseme ninyi ni kikundi cha vijana wanne Kericho, na mashine huwaingizia shilingi 4,000 kwa siku baada ya petroli. Muuzaji yuko Nairobi. Spea ni 2,500, na itasafirishwa kama kifurushi kwa matatu. Ikija saizi isiyofaa, kuirudisha na kungoja nyingine ni siku tatu. Hapo mmepoteza 12,000 kwa ajili ya kitu cha 2,500. Na kama aliyepokea pesa hakuwa na duka, mmepoteza yote.

Kwa hivyo, kabla ya kubonyeza chochote:

Omba picha ya spea yenyewe. Mwambie muuzaji aweke venia au rula juu ya tundu, apige picha, akutumie. Mwenye mzigo mkononi anaweza kufanya hivyo mara moja. Anayeendelea kukutumia picha za kutoka mtandaoni na kukuambia "tuma tu boss, wateja ni wengi" anataka uharakishe. Usikubali kuharakishwa.

Lipa biashara, si mtu. Uliza namba ya till au paybill ya duka. Kabla ya malipo kukamilika, simu itakuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Kama duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu mwingine, simama na uulize. Pengine kuna sababu nzuri, lakini itafute pesa ikiwa bado kwako.

Tumia macho ya mtu wako. Kama una ndugu au rafiki karibu na duka, mpe vipimo aende navyo. Aikague, akupigie simu, ndipo ulipe. Nauli yake ya matatu ni bima ya bei nafuu.

Lipia kwa awamu ikiwezekana. Fundi akikuchongea kaplingi, kubalianeni kiasi cha kuanzia na salio la kumaliza, na muandikiane kwa ujumbe. Andika kazi yenyewe: "kaplingi, injini 19.05, pampu 12.7, kii mbili". Maneno ya simu husahaulika, ila ujumbe unabaki.

Ukikosea namba, usingoje jioni. Pigia huduma kwa wateja mara moja, ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi. Kurejesha pesa ni rahisi zaidi kama aliyepokea hajazitumia. Na wewe ukipigiwa na mtu anayedai amekutumia pesa kimakosa, kagua salio lako kwanza, usiamini ujumbe peke yake. Kisha mwelekeze apitie huduma kwa wateja badala ya kumtumia mwenyewe. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN, iwe kwa spea au kwa sababu nyingine yoyote.

Kifurushi kimefika, tufunge

Jaribu kabla ya kutupa karatasi ya kufungia. Kila kipande kiingie kwenye shafti yake kwa kukaza kidogo, bila kucheza na bila kupigwa nyundo. Safisha shafti kwa msasa laini na upake mafuta kidogo. Kii ikibana, isugue kwa tupa pole pole. Usiusugue mfereji.

Vaa raba katikati, rudisha pampu, kaza bolti zake. Sasa angalia nafasi. Vipande viwili vya chuma havifai kugusana. Acha pengo la milimita 1.5 hadi 3 kati ya ncha za meno ya upande mmoja na uso wa upande wa pili. Huna kipimo? Kadi mbili za benki zikibanwa pamoja ni kama milimita 1.5. Ukikosa kuacha pengo hilo, chuma kinasukuma krenkshafti na pampu muda wote injini inapozunguka, na beringi zinaumia.

Weka rula juu ya vipande vyote viwili, kisha izungushe kaplingi kwa mkono na upime tena pande nne. Rula ikilala sawa kila upande, shafti zimenyooka. Ikiinuka upande mmoja, kagua kikombe na bolti zake, maana kupinda huko ndiko kunakosaga raba haraka. Kisha tia tone la gundi ya bluu ya kushikilia nati kwenye zile skrubu ndogo, na uzikaze juu ya kii.

Rudisha waya wa plagi, washa injini bila gogo, na usukume valvu mbele na nyuma. Sikiliza. Ukisikia mlio wa injini pekee, pasua magogo madogo machache, zima, na ukague skrubu tena. Kagua tena baada ya siku ya kwanza ya kazi. Skrubu iliyolegea ni moja ya sababu kubwa zinazorudisha watu dukani.

Mashine pia inahitaji akiba yake

Raba ya nyota imetengenezwa iishe, kwa hivyo ipangie mapema. Kikundi kikiweka shilingi 100 kila siku ya kazi kwenye akiba ya simu, ndani ya siku 25 kina zile 2,500 za mfano wetu. Siku ya kuharibika, hakuna kukopa na hakuna kukimbizana.

Jumbe za malipo nazo usizifute. Ukiweka pamoja ujumbe wa malipo, picha ya vipimo na tarehe ya kufunga, una kitabu cha matibabu cha mashine yako. Raba ikiisha tena, utajua ilikaa miezi mingapi, uliilipia pesa ngapi na ni muuzaji yupi alikutumia saizi sahihi. Na kama raba ya mwisho ilikaa wiki mbili tu, utajua shida si raba. Chukua rula urudi kwenye kikombe.

Mashine yako iko salama leo? Basi leo ndiyo siku nzuri ya kuchungulia ndani ya kikombe hicho, kabla haijakuchagulia yenyewe siku ya kusimama. Na kama kuna malipo usiyoyaelewa, tupigie kabla ya kuyafanya.