Aliye Juu na Auone Mji Mzima

Wahenga walisema: Aliye juu mngoje chini. Methali hiyo tumezoea kuitumia kumwonya mwenye cheo asijivune, maana kila kipandacho hushuka. Lakini tulipopanda asubuhi moja hadi juu ya paa la Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, mjini Nairobi, tuliona kwamba maneno hayo hayatoshi. Aliye juu anayo kazi yake kabla ya kushuka, nayo ni kutazama. Na aliye chini naye anayo haki ya kupanda ajionee kwa macho yake, asibaki kungoja tu.

Twaandika haya hasa kwa ajili ya wasomaji wetu wafanyakazi. Wengi wao hulipita jumba hilo kila siku waendapo kazini na warudipo. Wengine huliona hata wasipofika mjini, kwani noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zimechapwa picha yake. Hivyo basi mchukuzi wa Gikomba na mchuma majani chai wa Kericho hutembea na jumba hilo mfukoni, siku mfuko wao unapokuwa na kitu. Lakini ni wangapi kati yao waliowahi kufika juu yake?

Tuliandamana na mzee mmoja, fundi seremala aliyekwisha kustaafu. Katika ujana wake alifanya kazi ya kupiga mbao za kumwagia zege jumba hilo lilipokuwa likijengwa. Alituambia kuwa siku kazi ilipokwisha alilipwa ujira wake, akachukua msumeno wake, akaondoka. Tangu siku ile hakupanda tena. Tulipomwuliza kwa nini, alijibu kwa upole: "Hakuna aliyenifukuza, wanangu. Lakini hakuna pia aliyeniita." Jibu hilo tulipanda nalo, na kwa hakika tulishuka nalo.

JUMBA LENYEWE

Ujenzi ulianza katika miaka ya 1960, ukamalizika mwaka 1973, na Rais Jomo Kenyatta akalifungua. Wasanifu wake walikuwa Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso, Mkenya aliyekuwa msanifu mkuu wa majengo katika Wizara ya Ujenzi. Hapo kwanza lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU, wala halikutazamiwa kuwa kubwa sana. Baadaye Nairobi ilipochaguliwa kuwa mahali pa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, michoro ilipanuliwa, na mnara ukapandishwa hadi kufikia mita 105.

Mkutano huo ulifanyika Septemba 1973, na ulikuwa wa kwanza wa namna yake kufanyika katika Afrika. Humo Robert McNamara, aliyekuwa Rais wa Benki ya Dunia, alitoa hotuba yake mashuhuri juu ya umaskini wa watu wa mashambani. Kwa hiyo yafaa tukumbuke kwamba maneno makubwa ya kwanza kunenwa katika jumba hili mbele ya ulimwengu yalihusu mafukara. Mafukara wenyewe hawakuwamo.

Mgeni aingiapo uwanjani hukutana kwanza na sanamu ya Mzee Kenyatta ameketi, kazi ya mchongaji James Butler wa Uingereza. Kando yake liko jumba la duara la mikutano, lenye paa lililochongoka kama pia, na nyuma yake mnara wenye rangi ya udongo wa mfinyanzi. Mtu huingia katika lifti, naye kabla hajamaliza kusalimiana na wenzake huwa amekwisha kufika juu. Palijengwa huko mgahawa uliotengenezwa kuzunguka, ili mlaji aone pande zote bila kuinuka kitini. Juu ya mgahawa ndipo penye paa la wazi, pahali pa kutua helikopta. Hapo upepo hukupiga usoni, na mji mzima hukaa chini ya miguu yako.

KUSINI NA MASHARIKI

Tulianza kwa kuelekea kusini, kwa sababu mji wenyewe ulianzia huko. Karibu kabisa ilionekana stesheni ya gari la moshi. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwaka 1899, na wakuu wa reli wakaweka kambi yao katika uwanda ambao Wamaasai waliuita kwa maji yake baridi. Jina la mji limetokana na maji hayo. Nairobi, basi, haikuanzishwa na mfalme wala na nabii. Ilianzishwa na karakana. Mji huu ni mtoto wa kazi, na mfanyakazi akiitwa mgeni ndani yake, anayemwita hivyo hajui historia.

Mbele zaidi twaona mitaa ya viwanda, kisha nyika ya mbuga ya wanyama iliyotengwa mwaka 1946. Upande wa kusini-magharibi vilima vya Ngong vimejipanga kama vifundo vya ngumi. Siku mawingu yakiwa yametakata, mtu huweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, na Kilimanjaro mbali sana kusini. Siku yetu mawingu yalikuwako. Tuliridhika na Ngong.

Si mbali na stesheni, tulionyeshwa bustani ya kumbukumbu mahali ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka hapo, likaua watu zaidi ya 200, wengi wao wakiwa raia wa Kenya waliokuwa kazini au njiani tu. Mzee wetu alivua kofia. Nasi tulinyamaza.

Kisha tuligeuka mashariki, na hapo mzee akatangulia mbele yetu hadi kwenye ukingo. Hiyo ndiyo mitaa ya wafanyakazi: Muthurwa, Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati. Paa kwa paa, bati kwa bati, na moshi wa jikoni kati yake. Ukiwa chini, mitaa hiyo huonekana kama imeota yenyewe. Ukiwa juu waona mkono wa mpangaji. Mwaka 1913 Profesa Simpson aliishauri serikali ya kikoloni kuwatenga watu wa mji kwa rangi zao, na shauri hilo lilifuatwa. Wazungu wakapewa miinuko yenye miti, magharibi na kaskazini. Wahindi wakapewa sehemu za kati. Mwafrika akawekwa uwandani mashariki, karibu na reli na viwanda, naye akahesabiwa kuwa mpita njia anayetakiwa kwa mikono yake tu. Tangu mwaka 1920 alipaswa kubeba kipande, na wengi walikitia katika kikopo wakakining'iniza shingoni.

Lakini mitaa hiyo hiyo ndiyo iliyosema. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai, viongozi wa umoja wa vyama vya wafanyakazi, walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku kadhaa. Makhan Singh alizuiliwa kwa zaidi ya miaka 11. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi na polisi wa kikoloni waliuzingira mji, wakaingia nyumba kwa nyumba, na maelfu kwa maelfu ya watu wakapelekwa vizuizini. Mzee alituambia kuwa siku hiyo alikuwa mtoto, na alimwona baba yake akipandishwa lori. Hakuongeza neno, wala hatukumwuliza zaidi.

KASKAZINI NA MAGHARIBI

Upande wa kaskazini, ng'ambo ya majumba ya biashara, ziko sehemu za Chuo Kikuu. Karibu na hapo, tarehe 16 Machi 1922, watu walikusanyika kudai Harry Thuku afunguliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwahimiza wanaume wasirudi nyuma, risasi zikafyatuliwa, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Kaskazini-mashariki, katika bonde la mto, ni Mathare, yenye vibanda vilivyobanana hata jicho haliwezi kutenga kimoja na kingine.

Magharibi ni Bunge, na baada ya Bunge ni Uhuru Park. Huko miti ni mingi na macho hupumzika. Juu zaidi ni Upper Hill, ambako yamesimama majumba mapya marefu kuliko hili tulilopanda, likiwamo mnara wa Britam wenye mita 200. Nyuma ya kilima hicho iko Kibera. Kutoka pale tuliposimama, majumba marefu yamekaa kati yetu nayo, na aliye juu hana budi kuikumbuka kwa moyo, kwa kuwa jicho peke yake halimfikishi. Hilo nalo ni funzo: hata mnara haukuonyeshi kila kitu. Hukuonyesha kile tu ambacho wajenzi wengine hawajakiziba.

UREFU NI WA NANI?

Tukiwa tumeitazama Uhuru Park, tulikumbuka mnara mwingine ambao haukujengwa. Mwaka 1989 ulitokea mpango wa kusimamisha katika bustani ile jumba la ghorofa 60, litakalokuwa na afisi za chama kilichotawala na za gazeti lake. Profesa Wangari Maathai aliupinga. Alitukanwa Bungeni, akadharauliwa kwa kuwa ni mwanamke, lakini hakurudi nyuma, na hatimaye mpango ule ukaachwa. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Amani ya Nobel. Leo majani ya bustani ile yapo, na mtu asiye na nyumba yenye ua anaweza kulala kivulini mwake Jumapili alasiri.

Nasi tunaoandika katika gazeti la chama yatupasa tuseme jambo hili bila kumung'unya maneno. Chama ni cha watu. Siku kinapotaka kujenga mnara juu ya pahali pa watu pa kupumzikia, kimejisahau. Mwananchi anayekikumbusha si adui yake.

Jumba la Kenyatta lenyewe limepita katika mashindano ya namna hiyo. Kwa miaka mingi lilikuwa mikononi mwa KANU. Mwaka 2003 serikali mpya ililitwaa na kulifanya mali ya umma. Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 2023, serikali nyingine ililitaja katika orodha ya mashirika ya umma ya kubinafsishwa. Shauri likapelekwa mahakamani, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ikaizuia hatua hiyo. Wako wanaosema jengo ni jengo, na mwenye fedha ndiye awezaye kulitunza. Twakubali kuwa jengo lisilotunzwa huanguka, na kwamba wasimamizi wa mali ya umma mara nyingi wamekuwa wazembe. Lakini dawa ya mchungaji mzembe ni kumbadili mchungaji. Kuuza kundi si dawa.

Sababu yetu ni hii. Mji mkubwa huwatenga watu wake hata pasipo sheria ya Simpson. Anayekaa mashariki huenda asifike magharibi ila kwa kwenda kufua nguo za wengine. Anayekaa magharibi huenda asifike mashariki maisha yake yote. Pahali pa juu panapofunguliwa kwa wote ni miongoni mwa pahali pachache ambapo watu hao wawili husimama bega kwa bega, wakauona mji mmoja, wakaona kuwa ni mmoja. Mlango huo ukifungwa kwa bei, kila mmoja atarudi kuujua mtaa wake tu.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. La kwanza, vyama vya wafanyakazi viwapeleke wanachama wao huko juu, hasa wajenzi, angalau mara moja katika mwaka, na Mei Mosi yafaa sana. La pili, watoto wa shule za mashariki ya mji wapandishwe bila kutozwa, wafundishwe historia ya mji wao wakiitazama kwa macho. La tatu, kila diwani na mbunge wa Nairobi apande kabla ya kuanza kazi yake, na asishuke mpaka ameonyeshwa mtaa wake uko wapi, na maji yake yanatoka wapi, na barabara yake inaishia wapi. Aliye juu asiyetazama ni heri angekaa chini.

Kabla hatujashuka, mzee aliinama akaupapasa ukingo wa zege kwa kiganja. Tulidhani anatafuta pa kujishikilia, tukamsogelea. Kumbe alikuwa akitafuta alama ya ubao. Zege, alitueleza, hubaki na chapa ya mbao iliyomwagiwa, na fundi hutambua mkono wake. Hatujui kama aliipata. Alijipangusa vumbi, akatazama mashariki mara moja tena, kisha akasema: "Wajukuu wangu nitawaleta." Tukaingia katika lifti pamoja naye, tukarudi chini kwa wenzetu.