Mke wa Sultani na Mama za Masultani

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Juma hili nawaomba tufungue mlango wa jumba la Mtoni, Unguja, tutazame maisha ya wanawake wa Sayyid Said bin Sultan. Tukisikia "mke wa sultani" wengi wetu hufikiria dhahabu, hariri na udi. Hayo yote yalikuwapo. Lakini mimi nauliza jingine: katika jumba lile ni nani hasa aliyekuwa na nguvu, na aliipata kwa njia gani?

Shahidi tunaye. Seyyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha huko Ujerumani kitabu cha kumbukumbu zake. Tumsikilize, huku tukikumbuka kwamba yeye ni mtoto wa suria, na hakumpenda mama yake wa kambo.

Mama huyo wa kambo alikuwa Bibi Azza binti Seif, mke wa ndoa, wa ukoo wa kitawala wa Oman. Kwa maelezo ya Salme alikuwa mfupi, wala si mzuri wa kupigiwa mfano, lakini mumewe alimsikiliza karibu kwa kila jambo. Watu wote, hata watoto wa sultani, walitakiwa kumwita kwa jina la heshima. Jumbani waliishi watu wapatao 1,000, na neno lake lilikuwa amri. Wakati wa chakula yeye alikula pamoja na sultani. Suria, hata awe kipenzi namna gani, hakula naye.

Na hao masuria ni akina nani? Ni wanawake walionunuliwa, wengi wao kutoka Uhabeshi na kutoka Circassia katika milima ya Kaukazi. Wao kwa wao nao walibaguana: wale weupe wa Circassia hawakutaka kula pamoja na Wahabeshi. Wote walikuwa watumwa, lakini rangi ilitafutiwa cheo.

Sasa sikilizeni sheria ilivyokuwa. Suria akimzalia bwana wake mtoto, haruhusiwi tena kuuzwa, na bwana akifa, mama yule yu huru. Mtoto naye ni huru tangu kuzaliwa, na hurithi sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa. Hapa ndipo ulipo ufunguo wa jumba lote.

Bibi Azza hakuwa na mtoto. Binti wa ukoo wa Shah wa Uajemi, ambaye mabafu ya Kidichi ya mwaka 1850 yanatajwa kwa ajili yake, ndoa yake ilivunjika akarudi kwao. Sayyid Said alipofariki baharini mwezi Oktoba 1856, Salme anahesabu watoto 36 waliobaki, wanaume 18 na wanawake 18, wote wa masuria. Majid, aliyeshika kiti cha Unguja, mama yake alitoka Circassia. Barghash, aliyemfuata mwaka 1870, mama yake alikuwa Mhabeshi. Kwa hiyo kiti kilipita kwa wana wa wanawake ambao hawakuruhusiwa kula na sultani.

Je, tuseme walibahatika? Mimi nasita. Mama yake Salme, Jilfidan, alitekwa mtoto, wazazi wake wakauawa. Alipoingia katika nyumba ya sultani alikuwa na miaka saba au minane, kwani jino lake la utoto lilimtoka humo humo. Mtoto wa jino la utoto hana hiari ya kuchagua jumba.

Hata sheria ilipobadilika, wao waliachwa nyuma. Amri ya mwaka 1897 iliwapa watumwa wa Unguja na Pemba haki ya kudai uhuru, lakini masuria walitengwa. Walihesabiwa kama wake, na suria aliweza kudai uhuru pale tu alipotendewa ukatili. Walingoja mpaka mwaka 1909.

Magofu ya Mtoni yangali ufukweni, na wageni hupiga picha. Nasi tunapowataja masultani, hutaja jina la baba na la babu, tukanyamaza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na waliounda ukoo ule wengi wao walikuja wamenunuliwa, wakapewa majina mapya, na yale waliyopewa na mama zao hakuna aliyeyaandika. Basi siku ukipita Mtoni na mwanao, mwonyeshe kuta, lakini mweleze pia habari za akina mama waliokaa ndani yake.